Marjoramu: mwongozo kamili wa kuiotesha, kuikata, kuikausha na kuitumia

Tuta langu la kwanza la marjoramu, jani la kiungo na chai, nililiua kwa mapenzi. Nililishindilia samadi ya ng'ombe kana kwamba napanda kabichi, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Miche iliinuka, majani yakawa mapana ya kijani kibichi, kila anayepita anasifu. Siku nilipochuma jani na kulisugua kiganjani, harufu hakuna. Ni kama nimesugua mchicha. Masika yalipokolea mizizi ikaoza, tuta zima likalala chini ndani ya wiki mbili.

Kosa langu lilikuwa kutouliza mmea huu kwao ni wapi. Marjoramu asili yake ni Kupro na kusini mwa Uturuki, vilima vya mawe, jua kali, mvua ya kuhesabu. Harufu yake ni mafuta yanayokaa kwenye vitezi vidogo vya majani, na mmea ulioshibishwa maji na mbolea hukimbilia kutanua majani badala ya kutengeneza mafuta hayo. Ukiupa kidogo, unakurudishia harufu. Karibu kila ninaloeleza hapa chini linatokana na jambo hilo.

Hakikisha kwanza kwamba ni marjoramu

Kitaalamu inaitwa Origanum majorana. Ni ya ukoo mmoja na mrehani, mnanaa, rozmari na kivumbasi; shika shina lake changa ulizungushe kati ya vidole, utasikia pembe nne. Walio na ndugu Oman na nchi za Ghuba huenda wanaijua kwa jina la mardakushi, na Wamisri huiita bardakushi. Misri ndiyo inayoongoza kwa kuuza marjoramu kavu nchi za nje, kwa hiyo kile kichupa cha viungo unachokiona supamaketi huenda kimetoka bonde la Nile.

Shida ni ndugu yake wa karibu, oregano. Kuna kitalu niliuziwa miche kumi kwa jina la marjoramu, nikailea miezi miwili, ikaja kutoa maua ya zambarau. Nilikuwa nimelea oregano. Tofauti zipo, tena hazihitaji utaalamu. Jani la marjoramu ni dogo, la mviringo wa yai, rangi yake ina ujivu, na ukiligusa ni laini kama kitambaa cha mahameli. Oregano ni ya kijani zaidi na ncha ya jani imechongoka. Kabla ya kuchanua, marjoramu hufunga vifundo vidogo vya duara, kama mtu amefunga nyuzi za kijani mafundo mafundo, kisha hutoa viua vyeupe au vya waridi hafifu. Kama bado una wasiwasi, tafuna jani. Marjoramu ina utamu wa harufu na uchungu mdogo mwishoni. Oregano inachoma ulimi, kwa sababu ya kemikali iitwayo kavakroli, ambayo kwenye marjoramu ya bustani kwa kawaida ni kidogo sana.

Mahali na udongo

Tafuta sehemu inayopata jua saa sita kwa siku au zaidi. Udongo uwe mwepesi na usiotuamisha maji. Kipimo changu ni hiki: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywewe, kisha lijaze tena. Kama baada ya saa mbili maji bado yamekaa, usipande hapo bila kuinua tuta.

Mmea huu unapenda udongo usio na tindikali nyingi, pH ya kati ya 6.5 na 7.5. Huku Usambara, kama sehemu nyingi za milimani zenye udongo mwekundu na mvua nyingi, udongo una tindikali. Mimi hutawanya konzi mbili za majivu ya kuni kwa kila mita moja ya mraba, nachanganya na udongo wa juu, kisha nasubiri wiki mbili. Mwenye uwezo wa kupima udongo wake apime, atumie chokaa ya kilimo kwa kiasi atakachoambiwa. Majivu ni ya sisi wengine.

Tuta liwe limeinuka sentimita 20 hadi 25. Samadi iwe imeoza kabisa, isiyo na harufu, na iwe kidogo: ndoo moja ndogo kwa mita mbili za mraba inatosha.

Ukiwa na baraza tu, panda kwenye chungu au ndoo ya lita tano na zaidi, iliyotobolewa chini. Changanya sehemu mbili za udongo wa kawaida, moja ya mchanga wa mtoni, moja ya mboji. Mchanga wa pwani usitumie, una chumvi. Walioko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja wajue adui yao si joto pekee bali unyevu wa hewa, kwa hiyo chungu kikae penye upepo, kipate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Na walioko kwenye baridi ya kushusha sakitu, yaani umande ulioganda, kama Makete au Kinangop, waingize vyungu ndani usiku wa baridi kali. Sakitu inaua marjoramu. Ndiyo maana Ulaya ya kaskazini huipanda upya kila mwaka, wakati sisi tunaweza kukaa nayo miaka miwili hadi mitatu.

Kuotesha mbegu

Mbegu za marjoramu ni vumbi. Gramu moja ina maelfu. Ukipiga chafya umepoteza kitalu, na hilo nalisema kwa uzoefu. Si kila duka la pembejeo linazo. Jaribu maduka ya miji mikubwa yanayouza mbegu za mboga kwenye pakiti ndogo.

Chukua trei yenye matundu, au kopo pana la siagi ulilolitoboa. Chekecha udongo na mchanga, jaza, sawazisha kwa kiganja, kisha lowesha kabla ya kumwaga mbegu, si baada. Changanya mbegu na vijiko viwili vya mchanga mkavu ili uone unapozimwaga na zisirundikane. Nyunyiza juu, gandamiza kidogo kwa kipande cha ubao. Usizifukie. Zinahitaji mwanga ili kuota, na mbegu ndogo kiasi hiki haina nguvu ya kusukuma udongo.

Funika kwa nailoni angavu, weka mahali penye mwanga lakini si juani moja kwa moja. Kumwagilia, kalisha trei kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, udongo unywe kutoka chini, kisha ondoa. Ukimwaga maji kwa juu utazisomba mbegu zote kona moja. Zikipata joto la nyuzi 18 hadi 22 zitachipua kati ya siku 8 na 14. Zikishachipua toa nailoni siku hiyo hiyo, hewa ipite. Wengi hupoteza miche hapa: inakaa na jasho chini ya nailoni, kinyausi, ukungu unaoozesha miche michanga, kinaikata shingoni usawa wa udongo, asubuhi unakuta yote imelala. Kuanzia hapo acha uso wa udongo ukauke kidogo kila kabla ya kumwagilia.

Ikiwa na majani manne ya kweli, bila kuhesabu yale mawili ya kwanza, punguza iachane sentimita mbili au tatu. Hukua polepole mno. Mwezi mzima utaona kama haisogei. Usiiongeze mbolea kwa kukosa subira.

Njia ya mkato ni kipandikizi. Ukimfahamu mwenye mmea, omba tawi changa lisilo na vifundo vya maua, sentimita 8 hadi 10. Toa majani ya nusu ya chini, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, weka kivulini. Baada ya wiki tatu au nne livute taratibu. Likikataa kutoka, limeshika mizizi. Kwa mtu anayetaka mashina matano ya jikoni, sioni sababu ya kuhangaika na mbegu.

Kupandikiza na kutunza

Miche huwa tayari wiki ya sita hadi ya nane, ikiwa na urefu wa sentimita 5 hadi 8. Izoeshe jua kwa wiki moja, ukiongeza saa kila siku. Pandikiza jioni au siku ya mawingu. Nafasi ni sentimita 25 kati ya mche na mche, 30 kati ya mistari. Tuta la mita moja kwa tatu linachukua mistari mitatu ya miche kumi na miwili, yaani 36, na hiyo ni marjoramu ya nyumba tatu.

Wiki mbili za kwanza mwagilia mara kwa mara hadi ishike. Baada ya hapo chomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili: pakiwa pakavu mwagilia, pakiwa na ubichi ondoka. Kwenye masika mimi simwagilii kabisa, kazi yangu inakuwa kuzibua mifereji kati ya matuta. Magugu ng'oa kwa mkono wakati miche ni midogo, kwani jembe litaibeba. Mbolea, konzi moja ya mboji kila baada ya kukata, basi. Urea kaa nayo mbali.

Wadudu hawaisumbui sana. Vidukari wakijitokeza kwenye ncha changa, waondoe kwa maji ya nguvu, au kwa sabuni ya kipande iliyoyeyushwa kidogo kwenye maji, ukisuuza kesho yake. Wakati wa kiangazi angalia utitiri mwekundu chini ya majani. Dawa za viwandani sizitumii, maana majani haya yanaingia kikombeni bila kumenywa.

Kukata kwa wakati wake

Mche ukifika sentimita 15 kata ncha za juu, upanuke pembeni. Hizo ncha pika.

Mavuno yenyewe ni pale vifundo vya kijani vinapojaa na kabla havijafunguka. Hapo ndipo mafuta yamekusanyika kwenye majani. Vifundo vikishafumuka na viua vikaonekana, ladha huanza kupungua na vikonyo hukauka kama kuni. Ukiona ua moja jeupe kwenye tuta, hiyo ndiyo kengele yako, usiseme "Jumamosi".

Nenda asubuhi umande ukishakauka, jua halijawa kali, saa tatu au nne hivi. Tumia mkasi au kisu chenye makali. Shika mashina kwa mkono wa kushoto kama unavyoshika nywele za mtoto unapomsuka, kata sentimita 5 hadi 8 juu ya ardhi, na hakikisha umebakiza majani chini ya mkato. Ukikata hadi penye mbao tupu, shina hilo huenda lisichipue tena. Baada ya wiki sita hadi nane tuta litakuwa limerudi, na mwaka unaweza kupata mikato miwili, mitatu ukiwa na bahati.

Jirani yangu, bibi wa Kisambaa, alinikuta nimeinama nakata. Nikamwambia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Hayo majani yako ni ya kula au ya kunusa?" Nikampa tawi. Alilisugua, akanusa, akalichomeka kwenye kilemba chake, akaendelea na safari yake ya kisimani. Jibu sikulipata.

Kukausha

Mara ya kwanza nilianika juu ya bati. Saa nne tu za jua la mchana, nikashuka na kapu la nyasi za manjano zisizo na kitu. Jua kali huchoma rangi, na joto hurusha mafuta hewani. Kausha kivulini, penye upepo, joto lisizidi nyuzi 40.

Funga vishada vyembamba vya mashina kumi hadi kumi na tano. Kishada kinene huota ukungu katikati. Vining'inize kichwa chini kwenye kamba, darini au ghala lisilo na moshi, kwa sababu marjoramu hubeba harufu ya moshi kwa urahisi mno. Wakati wa ukungu wa Juni na Julai huku kwetu vishada havikauki vizuri, kwa hiyo nayatandaza majani juu ya chandarua cha zamani kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, ndani ya chumba, nikiyageuza kila siku. Huchukua wiki moja hadi mbili. Vunja kikonyo: kikilia *ta*, tayari, kikipinda, bado.

Pukuchua majani yakiwa mazima, usiyasage. Yasage kiganjani siku ya kupika. Kilo moja mbichi hukuachia kama gramu 200 kavu, na vikonyo ukivitoa, pungufu ya hapo. Weka kwenye chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, kabatini, mbali na jiko. Baada ya siku mbili iangalie: ukiona ukungu wa jasho ndani ya kioo, yamwage yote na kuyaanika tena. Yakitunzwa vizuri hukaa na ladha karibu mwaka.

Jikoni

Vipimo: kijiko kimoja cha chai cha majani makavu ni sawa na kijiko kimoja cha mezani cha majani mabichi yaliyokatwa. Marjoramu ni miongoni mwa majani ambayo yakikaushwa vizuri hayapotezi heshima, tofauti na kotimiri ambayo ikikauka ni karatasi.

Mabichi yaingie chunguni dakika tano za mwisho. Yakichemka muda mrefu, ule utamu unapanda na mvuke. Makavu yanavumilia kidogo, dakika kumi na tano.

Kwenye maharage ndipo nilipoipenda. Maharage ya njano yaliyokwisha kuiva, unakaanga kitunguu na kitunguu saumu, unatia nyanya mbili na karoti, maharage na supu yake, yanachemka hadi mchuzi uwe mzito, kisha kijiko cha mezani cha majani mabichi, unafunika, unazima moto. Kwenye maharage ya nazi sijaipenda, nazi inaifunika. Pilau pia usiipeleke. Mbele ya mdalasini na iliki hakuna atakayejua imo.

Mtori unaipokea vizuri. Viazi mviringo pia: vichemshe, vimenye, vikaange kwa siagi na kitunguu, nyunyizia majani dakika ya mwisho. Wajerumani wanaitia kwenye supu ya viazi na kwenye soseji, kiasi kwamba jina lake jingine kwao maana yake ni "jani la soseji". Kwa nusu kilo ya nyama ya kusaga ya kababu, tia kijiko kimoja cha chai cha makavu, punje tatu za kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi, ilale saa moja kabla ya kuchoma.

Onyo moja la kuhifadhi: usiloweke majani mabichi au kitunguu saumu kwenye chupa ya mafuta ukaiacha kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa sumu ya botulismu hupenda mahali pa namna hiyo. Ukitaka mafuta yenye harufu, tumia majani makavu kabisa, weka kwenye friji na uyamalize ndani ya wiki moja.

Kama tiba ya nyumbani

Chai yake ndiyo matumizi ya kawaida kuanzia Misri hadi Ulaya ya kati, hasa kwa gesi tumboni na tumbo kusokota baada ya chakula kizito. Tia kijiko kimoja cha chai cha majani makavu kwenye kikombe, mimina maji yaliyotoka kuchemka, funika kwa kisosi, acha dakika kumi. Usiyachemshe majani jikoni. Ukiinua kisosi utaona matone chini yake. Yagonge yarudi kikombeni, maana mafuta yamo humo. Vikombe viwili kwa siku vinatosha, kwa siku chache.

Mafua yakiziba pua, konzi ya majani kwenye beseni la maji ya moto, unajifunika khanga na kuvuta mvuke. Mtoto mdogo usimfunike juu ya maji ya moto, ajali zake ni mbaya.

Kwa misuli iliyochoka hutengenezwa mafuta ya kupaka. Pasha kikombe kimoja cha mafuta ya nazi au ya zeituni pamoja na nusu kikombe cha majani makavu, bakuli likiwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka kidogo kidogo, kwa saa mbili. Chuja kwa kitambaa. Ukitaka yagande, yeyushia kipande cha nta ya nyuki. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi, usubiri siku moja.

Wanawake wengi wa nchi za Kiarabu huinywa kwa matatizo ya hedhi na homoni. Hapa kuna utafiti mdogo kutoka Jordan, uliochapishwa 2016: wanawake 25 wenye tatizo la vifuko vingi kwenye ovari, baadhi wakinywa chai ya marjoramu mara mbili kwa siku kwa mwezi mmoja, wengine wakinywa chai ya kulinganishia. Walioinywa, miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi. Wanawake 25 ni wachache mno, na mwezi ni muda mfupi. Kwa hiyo anayekuuzia pakiti kwa ahadi ya kushika mimba anauza ahadi, si dawa.

Kiasi cha chakula hakina shida kwa watu wengi. Kiasi cha dawa ni jambo jingine. Mjamzito asiinywe kama dawa. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda au za kisukari aongee na daktari wake kwanza, na anayesubiri upasuaji aache wiki mbili kabla. Anayepata mzio wa mnanaa au mrehani aanze kwa tahadhari. Mafuta halisi yaliyokenekwa, yale ya vichupa vya matone, hayanywewi. Tumbo linalouma siku tatu, au lenye homa, damu au kutapika, lipeleke kituo cha afya.

Mmea ukizeeka

Mwaka wa tatu shina hugeuka mti, majani yanakuwa machache na katikati panabaki kipara. Usihangaike kulifufua kwa mbolea. Kata vipandikizi kumi kwenye matawi machanga ya pembeni, vichomeke mchangani, na vikishashika mizizi ng'oa mama yao. Tuta jipya lihamishie mahali pengine, na pale pa zamani panda maharage. Vikonyo vikavu vya shina la zamani usivitupe: siku ya kuchoma nyama, virushie juu ya mkaa dakika mbili kabla ya kuipua.